Shangazi wa Miaka Sita

Kijana aliyeshika kipaza sauti kwenye msiba pale Mazwi, mwezi uliopita, alinitambulisha kwa waombolezaji kuwa mimi ni dada mkubwa wa marehemu. Nikamwita nikamwambia asahihishe. Akainama, akaniuliza kwa sauti ile watu wanayowasemeshea viziwi, "Kwani Bibi, wewe ni nani wake?" Nikamwambia marehemu ni shangazi yangu. Akanitazama mimi, niliyekwisha meno ya mbele, akaitazama picha ya Filomena iliyosimamishwa juu ya jeneza, mashavu bado yamejaa, akaamua kuwa uzee umeniharibu akili. Akarudi kutangaza: "Ndugu wa karibu wa marehemu." Nikamwacha. Nimeeleza jambo hili maisha yangu yote na nimechoka. Babu alifiwa na mke wake wa kwanza, akaoa tena akiwa na mvi, akamzaa Filomena wakati mimi nina miaka saba. Ndiyo basi, hakuna cha ajabu. Ni dada wa baba yangu, tena ndiye dada pekee aliyekuwa naye, kwa hiyo ni shangazi yangu, na kijana wa umri ule alipaswa kulijua hilo bila kufundishwa msibani.

Mwaka ulionifanya niwe na hasira ninazosifika nazo ni ule ambao yeye alikuwa na sita na mimi kumi na tatu. Mwingereza bado alikuwa bomani Sumbawanga, sisi tukikaa nje huko upande wa kwendea Matai, mahali ambapo ukisimama mlangoni unaona majani na upepo tu mpaka macho yachoke. Mimi nilikuwa darasa la nne kwenye shule ya misheni. Babu alikuwa hajampeleka shule mtoto wake hata mmoja, wote aliwapa ng'ombe wachunge. Kilichombadilisha ni barua. Baba yangu mdogo alikuwa amekwenda kukata mkonge kule Tanga, akaandikiwa barua na karani wa huko, na katekista akaisoma kwa sauti mbele ya watu waliokuwa wakinywa pombe ya ulezi uani kwetu. Kumbe humo ndani kulikuwa na mambo ya nyumba ya mtu. Kabla pombe haijaisha, kijiji kizima kinajua. Babu akaapa kwamba barua inayofuata atasomewa na mtoto wake mwenyewe, mlango umefungwa. Nikamwambia, "Babu, mimi najua kusoma." Akasema, "Wewe ni mjukuu. Utaondoka." Hayo ndiyo yalikuwa majibu yake. Na kweli nilitaka kuondoka, nilitaka kuliko kitu chochote, maana Masista walikuwa wameshaniandika jina kwa shule yao ya bweni, nikimaliza mwaka ule niende.

Siku hizo mtoto hakuulizwa cheti cha kuzaliwa. Mwalimu alimwambia apitishe mkono wa kulia juu ya utosi ashike sikio la kushoto. Likishikika amekua, anaandikwa. Mkono wa Filomena ulikuwa mfupi. Vidole viliishia kwenye nywele. Akafikiri kidogo, akalaza kichwa mpaka kikakaribia bega, akalikamata sikio akalivuta juu, akabaki hivyo amejipinda, anamtazama Mwalimu Patrisi bila kupepesa. Mwalimu alikuwa mtu wa kwetu, Mfipa, mpole wa sura na fimbo yake nyembamba. Alicheka. Halafu akamwona Babu amesimama nyuma na koti lake la jeshi, akaacha kucheka, akaandika jina. Mimi nilikuwa pembeni, na laiti ningejua ningesema hapohapo kwamba huyo hajafika, arudishwe nyumbani akue.

Maana kesho yake asubuhi nilimwambia twende, akakaa kizingitini akanyoosha mikono. "Nibebe." Nikamwambia wanafunzi hawabebwi. Akasema, "Mimi ni shangazi yako." Sasa hapo ungefanya nini? Kwetu shangazi ni shangazi. Hujamwamkia asubuhi hujaamka: unapiga magoti, unapiga makofi polepole, unamsubiri akujibu. Humvuti mkono, humkaripii, huli kabla yake. Babu alituwekea sheria hiyo tangu Filomena ananyonya, na alikuwa haoni sababu ya kuilegeza eti kwa kuwa shangazi hajaota meno. Mtoto akikua anaamkiwa hivyo na msichana mkubwa kila siku, kichwa kitakuwaje? Nikambeba. Shule ilikuwa mwendo wa saa moja kwa mtu mzima, na kwa mtu mwenye shangazi mgongoni, hesabu mwenyewe. Tena hakubebwa kimya. Kila hatua ishirini, "Nipandishe. Ninashuka." Nainama, namrusha juu kidogo, nakaza kaniki, naendelea. "Yustina. Ninashuka tena."

Nilinung'unika njia nzima. Sikuweza kumgombeza yeye, basi niligombana na njia. Tukifika kijitoni nasema, haya, mto huo, tunateleza, tunakufa wote wawili. Tukipita jiwe kubwa ambalo watu walinolea majembe nasema, jiwe hilo, hata nusu hatujafika. Halafu nyumba ya mzee mwenye mbwa watatu, nasema, mbwa hao, nani atakimbia na mzigo kama huu. Halafu njia panda ya kwendea joshoni, nasema, kushoto wanakwenda ng'ombe, kulia tunakwenda sisi, heri ng'ombe. Mwisho mikaratusi ya misheni, nasema, mikaratusi hiyo, unaiona kwa mbali na haifikiki. Kila siku ya Mungu maneno yaleyale. Yeye, akishapandishwa, alikuwa analaza uso kwenye shingo yangu, kimya, nikadhani amelala, na hilo nalo lilinichukiza.

Darasani hakukaa na wenzake. Watoto wa darasa la kwanza walikaa chini kwenye mikeka, upande wa dirisha, na kibao kimoja kwa watu wawili. Mwalimu akigeuka tu, Filomena anainuka, anavuka chumba, anakuja kukaa kwenye benchi letu la darasa la nne, kati yangu na ukuta. Akirudishwa anarudi tena. Mwalimu akamwuliza kwa nini hakai na wadogo. Akasema yeye si mdogo, yeye ni shangazi. Darasa zima likaangua kicheko, na kuanzia siku hiyo shule nzima ikamwita Shangazi, mpaka Mwalimu mwenyewe akiita majina alikuwa akijisahau. Mimi nilikuwa nafanya hesabu za kugawanya huku mtu ananivuta sikio anauliza tunakula saa ngapi. Tulikuwa tukibeba ugali wa ulezi, umefungwa kwenye jani, na maharage. Alianza yeye. Aliyachambua maharage moja moja kwa heshima zote za ukubwa wake, akimaliza ananisogezea ugali mkavu, anasema, "Kula sasa."

Siku moja mwezi wa sita, ule wakati wa baridi yetu ambapo upepo unapita mpaka kwenye mifupa, nilichoka. Niliamka nimenuna, nikamfunga mgongoni bila kumwamkia. Sikupiga magoti, sikupiga makofi, nikambeba tu nikaondoka. Njia nzima hakusema neno, hata lile la kupandishwa, nikafurahi. Tulipofika shuleni nikamshusha. Akaenda mpaka mlango wa darasa, akakaa chini katikati ya mlango, watu wakashindwa kupita. Nikamnong'oneza, "Ondoka hapo." Hakuondoka. Kiranja akaja, akamshika bega; akajilegeza, akamshinda. Mwalimu Patrisi akatoka. "Kuna nini, Filomena?" Akanionyesha mimi kwa kidole. "Hajaniamkia."

Nilidhani Mwalimu atachukua fimbo. Wallahi nilimwombea fimbo. Badala yake alinitazama mimi, akatazama wanafunzi wote waliokwisha kujipanga uani, mia na kitu, wavulana wakubwa wenye ndevu zinazoanza wamo, akasema kwa upole, "Yustina, malizia ulichokiacha nyumbani. Tuna masomo." Basi nikapiga magoti pale mlangoni, kwenye vumbi baridi, nikapiga makofi, nikamwamkia kwa Kifipa kama inavyotakiwa. Yeye akajibu taratibu, hakuharakisha hata neno moja, akaniuliza nimeamkaje, akaniuliza habari za nyumbani tulikotoka pamoja, akainuka akaingia. Walicheka mpaka mavuno ya ulezi yakaisha. Kuna mzee mmoja soko la mjini, nikipita mpaka leo ananipigia makofi.

Jioni ya siku hiyo nilikuwa nyuma ya jiko nachambua mboga, nikamsikia Babu anazungumza na Baba huko ndani kwenye moshi. Baba alikuwa anamkumbusha habari ya Masista. Babu akasema, "Yustina ataondoka siku Filomena atakapokwenda shule kwa miguu yake. Kabla ya hapo haondoki." Baba akasema, "Mwaka ukiisha kabla?" Babu akasema, "Utaisha na kuanza mwingine. Kwani shule inahama?" Mama, aliyekuwa anasonga, akachomekea kwamba hata hivyo wasichana wa bweni wanarudi hawajui kutwanga. Nikaziacha mboga. Nafasi ya kwa Masista haikuwa ya kungoja. Usipofika mwezi wa kwanza, anachukua mwingine, na msichana wa miaka kumi na nne aliyekaa nyumbani kwetu wakati ule hakukaa muda mrefu bila kuja watu kumwulizia. Nilijua majina ya watakaokuja. Maisha yangu yalikuwa yameshikwa na mtoto anayechambua maharage.

Nikaanza kumfundisha kutembea peke yake. Nilimbembeleza, nikamwahidi samaki wa ziwani, ile migebuka iliyokaushwa inayopandishwa toka Kasanga, nikamsifu miguu. Alikubali migebuka. Mwezi wa kumi nikafanya jambo ambalo silitetei. Tulipofika jiwe la kunolea nikamshusha, nikamwambia atangulie, nafunga kaniki. Akakataa, akakaa. Nikamwambia, "Basi kaa," nikaondoka kwa kukimbia, nikijua akiona nimepotea machoni atanifuata. Mbona mtoto yeyote angefuata. Nikakaa darasani natazama mlango. Kengele ya kwanza, hayupo. Mapumziko, hayupo. Nikajiambia amerudi nyumbani, nimekwisha. Saa za kurudi nikakimbia mpaka kifua kinauma, nikamkuta palepale kwenye jiwe, palepale nilipomwacha, jua limempiga, amejikojolea, mdomo umekauka. Hakulia. Akanyoosha mikono tu. Nikambeba nikilia mimi.

Nyumbani Babu akamwuliza wamesoma nini leo. Filomena akasema, "Tumesoma herufi." Babu akaridhika. Nikamtazama yule mtoto, nikaanza kumpenda kidogo. Kesho yake asubuhi nikataka kumjaribu tena kwa maneno mazuri, akanyoosha mikono akasema, "Nibebe, au nimwambie Babu habari ya jiwe." Mapenzi yakaniishia hapohapo. Nikambeba mwezi wa kumi mpaka ukaisha, na wa kumi na moja wote, mvua zikaanza, matope mpaka magotini, na Ninashuka yake masikioni.

Jumapili moja ya mwezi wa kumi na mbili, baada ya Misa, ukoo ulikaa. Baba mkubwa alikuja, na wazee wawili wa upande wa Babu, wakakaa ndani maana nje mvua ilikuwa inatisha. Mimi nilikaa mlangoni na kikapu cha karanga kama mtu anayetumwa, wakati linajadiliwa shauri langu. Wakazungumza hali ya mashamba, wakazungumza ng'ombe aliyevunjika mguu, wakamrudia huyo ng'ombe mara mbili, mimi roho juu. Hatimaye Baba akasema habari ya Masista imekuja tena, wanataka jibu. Babu akarudia neno lake lilelile la miguu ya Filomena. Baba mkubwa, ambaye alikuwa mtu wa mizaha, akasema, "Lakini kwetu msichana hatoki nyumbani, kwa ndoa wala kwa jambo lingine, kabla shangazi yake hajasema. Mbona shangazi hajaulizwa?" Wakacheka wote. Babu hakucheka. Kwake lile halikuwa la mzaha, ni desturi, na yeye ndiye aliyeisimamia miaka yote. Akageuka. "Filomena. Wewe ndiye shangazi. Unasemaje?"

Alikuwa kwenye kona anamenya karanga zangu. Nikafumba macho. Nilijua anavyofikiri: mgongo huu ukiondoka, nani atambeba? Nilikuwa nimemwacha juani siku nzima. Ningekuwa yeye ningesema asiende, tena ningesema kwa raha. Akamaliza kutafuna, kwa sababu mtu mkubwa hasemi na chakula mdomoni, akasema, "Aende."

Babu akamwuliza, "Na wewe utapelekwa na nani?"

"Mimi naijua njia."

"Itaje."

Akaitaja. Kijito, hapo watu wanateleza. Jiwe la kunolea, hapo nusu bado. Nyumba ya mbwa watatu. Njia panda ya josho, kushoto ng'ombe, kulia watu. Mikaratusi. Hakukosea hata kimoja. Babu akasema, "Shangazi amesema," na shauri likaishia hapo, wakarudi kwa yule ng'ombe. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumnyonga. Anajua njia, mwaka mzima anaijua, na mwaka mzima ananivunja kiuno!

Nikaenda kwa Masista. Nikasoma, nikawa nesi, nikapangiwa kazi huku na huku, nikaolewa na niliyemtaka mwenyewe. Filomena alimsomea Babu barua mlango umefungwa, kisha akawa mwalimu, akafundisha darasa la kwanza maisha yake yote ya kazi, mpaka miguu ilipomkataa. Tulipokutana niliendelea kupiga magoti, na tukimaliza salamu nilimkumbusha mwaka ule, namhesabia kila kitu alichonifanyia, maharage, mlangoni, mvua. Alikuwa anatabasamu tu. Kwa zaidi ya miaka sitini alitabasamu.

Wiki chache kabla hajafa nilikwenda kumwona. Alikuwa amelazwa kwenye chumba cha mbele pale Mazwi, dirisha wazi, pikipiki zinapita nje na kelele zao. Nilikuwa namlisha uji, namlalamikia kama kawaida yangu, nikafika pale pa Babu na njia. Akasukuma kijiko. "Ile njia," akasema, "sikuijua."

"Njia gani?"

"Ya shule. Sikuijua, Yustina. Nilikuwa nafumba macho mgongoni kwako. Nilikuwa naogopa wale mbwa, na maji."

Nikamwambia asinichezee, aliitaja yote mbele ya wazee. Akasema alitaja manung'uniko yangu tu. Alikuwa ameyasikia kila siku, kwa mpangilio uleule, hajapata kuona hata jiwe likoje mpaka siku ile nilipomwacha juu yake. Siku ya kwanza nilipokuwa nimeshaondoka alipotea njia panda, akaenda na ng'ombe mpaka joshoni, wachungaji wakamleta shuleni jua la utosi, akachapwa kwa kuchelewa. Ya pili akachapwa. Ya tatu akachapwa. Nikaweka bakuli chini. Nilikasirika, nakiri, nilimkasirikia mgonjwa. Januari ile mto ulikuwa umefura, mtu mzima alivuka kwa fimbo. "Mtoni ulivukaje?"

"Nilikaa mpaka akapita mtu."

"Na asipopita?"

"Nilikaa."

"Kwa nini hukumwambia Babu?"

Akanitazama kama aliyechoka kufundisha mtoto mgumu. "Ungerudishwa," akasema. Kisha akafungua mdomo apewe uji.

Kwa hiyo siku ya msiba, yule kijana wa kipaza sauti aliponishika mkono nipite mbele ya jeneza haraka, watu ni wengi, nilimwambia aniachie. Magoti yangu yana ugonjwa na daktari ameyakataza. Nikayapiga. Wakaja wasichana wawili wakitaka kuniinua, "Bibi jamani, utaumia," nikawaambia wangoje zamu yao. Nikapiga makofi polepole, nikamwamkia kwa Kifipa, salamu yote, mpaka habari za nyumbani. Nikangoja kidogo. Kisha wakaja vijana sita, wengine warefu wengine wafupi, hakuna aliyewapanga, wakalinyanyua jeneza likakaa upande, kichwani chini kuliko miguuni, na wakaanza kuondoka nalo hivyohivyo.

"Mpandisheni," nikawaambia. "Anashuka."